Treni ya karanga na maji ya Ngarambe

Karl Marx aliandika kwamba mapinduzi ndiyo yanayoivuta historia, kama kichwa cha treni. Walter Benjamin, mwanafalsafa Myahudi wa Ujerumani aliyekuwa mkimbizi Ufaransa, akageuza: huenda mapinduzi ni abiria anayevuta breki ya dharura. Hiyo ilikuwa 1940, mwaka aliofariki akiwakimbia Wanazi.

Sisi wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, hatuhitaji kufafanuliwa sana. Treni ya maendeleo ilifika kwetu. Baada ya Vita vya Pili Waingereza walifyeka pori walime karanga, wakajenga reli mpaka bandarini Mtwara. Karanga zikagoma, reli ikang'olewa. Shuleni kwetu kipande chake kilining'inizwa mwembeni, tukikigonga kwa nondo kuwa kengele. Kimeliwa na kutu upande mmoja, ila mlio wake hadi sokoni.

Kengele hiyo ndiyo ilituingiza darasani kunakili sababu za kushindwa kwa Maji Maji, vita vya babu zetu dhidi ya Wajerumani: silaha duni, imani potofu. Maksi zako mbili hizo.

Lakini Julai 1905, kule Nandete, Wamatumbi walianza kwa kung'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Kama hiyo si breki, sijui breki ni nini! Na waliomfuata mganga Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe waliahidiwa kwamba wahenga wao watarudi. Mmatumbi na Mngindo wakanywa maji yaleyale ya dawa ya kuzuia risasi, baadaye hata Mngoni. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile mapema Agosti. Vita vikaendelea bila yeye hadi 1907.

Benjamin angewaelewa. Alisema anayepigania ukombozi hupata nguvu kwa kuwakumbuka babu zake waliotumikishwa, kuliko kwa kuwaza wajukuu watakaostarehe. Huo ni Umarx wenye dini ndani yake, na wanamapinduzi wengi hawapendi kuambiwa hivyo.

Binamu yangu ni ustadhi. Nilipomsomea haya alikunja uso. "Kaka, hiyo ni shirki. Haki ya marehemu iko kwa Mungu, Siku ya Kiyama."

Maji siyatetei. Hayakuzuia risasi, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko bunduki. Ila Benjamin anadai waliotutangulia walikuwa wakitusubiri sisi, hapahapa duniani, na wanatudai deni ambalo halilipwi kirahisi. Ustadhi akasema deni la maiti hulipwa na warithi kabla ya kugawana mali, sheria iko wazi. Nikamuuliza: sasa kwa nini tusubiri Kiyama?