Kilichobaki kwenye tairi: sakafu moja, epoksi mara mbili

Asubuhi moja nilikuwa narudisha gari nyuma kutoka gereji nikasikia mlio wa kitu kinachobanduka. Niliposhuka nilikuta kipande cha rangi ya kijivu, upana wa kiganja, kimeng'ang'ania tairi la mbele, na pale tairi lilipolala usiku kucha saruji imebaki uchi. Ilikuwa epoksi, rangi ngumu ya sakafu, na nilikuwa nimeipaka wiki sita tu nyuma. Niliinunua kwa kujinyima, na nilishawaahidi watu wa nyumbani kwamba vumbi la sakafu limekwisha.

Vumbi ndilo lililonisukuma. Sakafu ya saruji tupu ukiifagia ni kama unaifagia yenyewe: unga hauishi, unaingia ndani kwa viatu, unalala juu ya kila kitu kilichowekwa stoo. Tone la mafuta ya injini likianguka linanywewa papo hapo na doa halitoki tena. Nilitaka sakafu inayofutika kwa kitambaa.

Kipande kile nilikigeuza. Upande wake wa chini ulikuwa na tabaka la unga wa saruji, limeshikana nacho vizuri kabisa. Nilikitazama kwa muda mrefu, maana jibu lilikuwa pale: epoksi ilishika kweli, ila kile ilichokishika hakikuwa na nguvu. Zege bichi likipigwa mwiko, maji hupanda juu yakibeba saruji laini, na likikauka huacha utando dhaifu usoni. Mimi nilifagia, nikaosha kwa sabuni, nikapaka juu ya utando huo. Tairi likitoka barabarani huwa la moto. Likianza kupoa linanywea na kuvuta kilicho chini yake. Kwa utando ule lilihitaji nguvu kidogo tu.

Nilimwita fundi mmoja wa sakafu, mtu mzima, aje anipe ushauri kabla sijapoteza fedha mara ya pili.

“Ulisugua?” akaniuliza.

“Niliosha, mzee, tena mara mbili.”

“Mwanangu, sijauliza kuosha.”

Akaomba kikombe cha maji, akanyunyiza kwenye sehemu ambayo sikuwa nimepaka. Matone yalikaa juu kama juu ya jani la myugwa. “Kama maji hayaingii, epoksi itaingia wapi?” Tangu siku hiyo kipimo hicho ndicho changu cha kwanza: maji yakizama na saruji ikawa nyeusi mara moja, sakafu iko tayari kupokea, yakisimama, bado kuna kazi.

Kazi hiyo ilinichukua siku mbili kwa mashine ya kukodi yenye diski ya almasi. Nilikwangua rangi yote ya zamani, nikasaga uso wa zege hadi mkono ukipita juu yake unahisi msasa namba 120. Wapo wanaotumia asidi, na inafanya kazi kwenye zege safi lisilowahi kupakwa kitu, lakini haiwezi kutoa rangi wala mafuta, na baadaye lazima uimalize nguvu kwa magadi kisha usuuze mara kadhaa. Ukiamua njia hiyo, mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Mimi nilichagua kusaga, na nawasihi wote: msisage zege bila maski ya kuzuia vumbi laini. Vumbi la zege lina silika, na silika huharibu mapafu bila kuacha njia ya kuyarudisha. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Madoa ya mafuta niliyasugua kwa sabuni kali ya kuondolea grisi, mara tatu, mpaka maji yakazama hata pale. Nyufa ndogo nilizijaza kwa epoksi nzito ya kuzibia. Ule mstari uliokatwa makusudi katikati ya sakafu niliuacha, maana umewekwa ili zege likijongea lijongee pale. Ukiujaza kitu kigumu, kitapasuka.

Halafu likaja jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo. Mzee alikuwa amenielekeza nikate vipande vya nailoni, kila kimoja karibu nusu mita kwa nusu mita, nivigandishe sakafuni kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, nivikague kesho yake. Niliweka vitatu. Viwili vilikuwa vikavu. Cha tatu, karibu na ukuta wa nyuma, kilikuwa na matone ndani na zege chini yake limebadilika rangi. Maji yalikuwa yanapanda kutoka ardhini. Ningepaka siku ile, unyevu ungeisukuma epoksi juu ikawa malengelenge, na lawama ningeipeleka kwenye kopo.

Nilizunguka nje ya ukuta ule nikakuta maji ya paa yanamwagika palepale kwenye msingi. Nikaweka bomba la kuyapeleka mbali, nikachimba mfereji mdogo, nikasubiri wiki tatu, nikarudia nailoni. Kavu. Kusubiri huko kulikuwa kugumu kuliko kusaga, lakini sikioni kama muda uliopotea. Wenye zege jipya nao wasubiri angalau siku 28, kisha wapime vilevile.

Sasa epoksi yenyewe. Ile ya kwanza ilikuwa ya maji, inayokauka nyembamba kwa sababu maji yake huruka. Mara hii nilichukua isiyo na maji wala kiyeyusho, ambayo unachomimina ndicho kinachobaki. Hesabu yake ni rahisi: kwa unene wa robo milimita, lita 1 inafunika mita za mraba 4. Gereji yangu ni mita 3 kwa 6, yaani mita za mraba 18, kwa hiyo mkono mmoja, yaani tabaka moja la kupaka, ulihitaji lita 4 na nusu. Nikanunua ya mikono miwili na akiba kidogo.

Epoksi ni vitu viwili, rezini na kigumishi, na vikikutana saa imeanza kuhesabu. Kopo langu liliagiza sehemu mbili za rezini kwa moja ya kigumishi; lako linaweza kusema vingine, lifuate hilo. Kuongeza kigumishi ili ikauke upesi ni kosa, maana kinachozidi hakipati wa kuungana naye na sakafu inabaki ya kunata. Nilikoroga dakika tatu kwa drili ya mwendo wa polepole, nikikwangua kuta na kitako cha ndoo. Baada ya kumimina sikuikung'uta ndoo kifudifudi: kilichoganda pembeni mara nyingi hakikukorogeka, na kikidondoka sakafuni kinaacha doa lisilokauka.

Usiiache ikae ndani ya ndoo. Epoksi inapoganda hutoa joto, na ikiwa imerundikana joto hilo huharakisha kuganda, mpaka ndoo inafuka moshi. Tulipanga hivi: mke wangu anakoroga kidogo kidogo, mimi namimina yote sakafuni kwa mistari mirefu, naisambaza kwa mpira wa kusukumia maji, kisha rola. Tulianzia ukuta wa nyuma tukitoka kuelekea mlangoni.

Tulianza jioni kwa makusudi. Asubuhi zege linapata joto, hewa iliyo ndani ya vitundu vyake inatanuka na kutoka, na kila kipovu kinaacha tundu la sindano. Jioni zege linapoa na kuvuta hewa ndani, na epoksi inazama nayo.

Kesho yake, kabla saa 24 hazijatimia, tulipaka mkono wa pili. Ukichelewa kupita muda ulioandikwa kwenye kopo, ni lazima upige msasa kwanza. Juu ya mkono huo nilinyunyiza mchanga safi mkavu karibu na mlango, pale maji ya mvua huingia na viatu. Epoksi tupu ikilowa huteleza vibaya, na nyumba yenye watoto na wazee haifai kuwa na sakafu ya namna hiyo. Tulitembea juu yake siku iliyofuata. Gari lilisubiri siku 7.

Glavu tulivaa muda wote. Ngozi ikizoea kuguswa na epoksi mbichi inaweza kupata mzio, na mzio huo ukishaingia hautoki, ukigusa tena unawashwa. Ikikudondokea, osha kwa sabuni na maji, usifute kwa tina, maana tina huipeleka ndani zaidi.

Barazani sikupaka, ingawa ilibaki akiba. Jua hugeuza epoksi kuwa ya njano na baadaye kuitoa unga. Huko inahitaji kufunikwa na tabaka la poliurethani, na sikuwa nayo.

Umepita mwaka na nusu. Mvua kubwa ikipita, napiga magoti kwenye ile kona ya nyuma na kugonga kwa kifundo cha kidole, nikisikiliza mlio mtupu wa kitu kilichoachana na zege. Mpaka wiki iliyopita, mlio ulikuwa mzito kila mahali.