Bafu la juu, dari ya mamavyaa

Ukikaa orofa ya juu Mji Mkongwe, sakafu ya bafu lako ni dari ya mtu. Kwetu sisi mtu huyo ni mamavyaa, mama wa mume wangu. Chumba chake cha kulala kiko chini ya bafu letu hasa, na kwa muda mrefu alikuwa akitwambia kwa upole kwamba anasikia harufu ya unyevu. Halafu upole ukamwisha. Akamwita mwanawe, akamwonesha doa lililoanzia pembeni likatambaa mpaka juu ya mchago wa kitanda. "Nyinyi mnaoga kwa kupenda," akasema, "na miye huku naoga bila ya kupenda."

Nyumba iko Kajificheni, ya urithi, na ni ya aina ile ile unayoikuta mji mzima: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, na dari za boriti za mikoko. Juu ya boriti yamepangwa mawe, juu ya mawe imeshindiliwa chokaa iliyochanganywa na mawe madogo na udongo. Wageni huuliza kwa nini vyumba vyetu vyembamba na virefu. Ni boriti hiyo. Haivuki sana mita 3, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake.

Tukamwita fundi. Akagonga hapa na pale, akasema tuvunje kila kitu, tumwage zege lenye nondo, tubandike marumaru kutoka chini mpaka darini, tuishi kwa raha. Mume wangu, ambaye ameumaliza ujana wake katika chumba cha injini cha meli, alivutiwa sana. Zege ni kitu anachokiamini. Mimi nasomesha hesabu skuli, na nikiona ubishi natafuta kalamu. Bafu letu ni mita 2 kwa 3. Zege la sentimita 10 juu yake ni mita za ujazo 0.6, na mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Jumla kilo 1,440. Nikamwandikia nyuma ya bahasha, nikaongeza chini: "Zote juu ya kichwa cha mama yako." Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Yule fundi hatukumwita tena.

Na si ubahili tu, ingawa ubahili ulikuwamo. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafariki, neno "vunja" halisemwi kirahisi mitaa yetu. Basi tukaamua tutafanya wenyewe, polepole, kwa mkono, jioni na siku za mapumziko.

Wenyewe, lakini si bila mwalimu. Mtaani kwetu yuko mzee aliyekuwa fundi chokaa. Magoti yamemchoka, ngazi hapandi tena, kwa hiyo bafu likawa linateremshwa kwake. Mume wangu alikuwa akichukua kifusi ndani ya ndoo, anampelekea barazani. Mzee anakifinya, anakinusa. Kipande kimoja cha lipu alikigusisha ncha ya ulimi, akatema. "Chumvi," akasema. "Nani kakutieni saruji hapa?"

Hatukujua, maana tulikuwa hatujafika huko. Tulipoondoa marumaru za zamani tukaikuta: saruji kila mahali, ya mtu aliyetengeneza kabla yetu, pengine zaidi ya mmoja, kila mmoja kaongeza tabaka lake. Sasa naelewa kwa nini mzee alikunja uso. Chokaa hunywa maji na huyatoa tena kwa hewa. Saruji huyafungia. Maji yakishapenya kwenye ufa mdogo hayawezi kurudi juu, basi huenda chini na pembeni, na chumvi iliyomo ukutani huenda nayo, mpaka yakutane na vichwa vya boriti vilivyofukiwa ndani ya ukuta. Huko ndiko zilikooza za kwetu. Katikati boriti ilikuwa ngumu, msumari unapinda. Kichwani unaichota kwa kidole kama kashata iliyolowa.

Kubomoa tulikufanya kwa tindo na nyundo ndogo. Nyundo kubwa niliificha. Vumbi lake sina haja ya kulieleza. Kifusi kilishuka kwa viroba, na kwa kuwa kichochoro chetu hata vespa inapita kwa kuomba njia, hamali alituletea gari lake la kusukuma mpaka lilipoweza kufika, na mengine tukabeba.

Kabla ya kugusa boriti yoyote ilibidi dari iegemezwe kwa chini. Kwa hiyo chumba cha mamavyaa kikajaa mirunda, naye akahamia ukumbini na kitanda chake, redio yake na buli lake, na kutoka hapo akaisimamia kazi. Kila aliyekuja kumjulia hali alipelekwa kuitazama dari. Nadhani mtaa mzima ulikuwa unayajua maendeleo ya bafu letu kuliko mimi.

Boriti zilizohitaji kubadilishwa zilikuwa tatu. Mikoko siku hizi haikatwi ovyo, inataka kibali, na mbichi ingetuchelewesha. Tukabahatika kupata za zamani kwa mtu aliyekuwa anabomoa kipenu. Mume wangu kwanza alipendekeza mabomba ya chuma. Nilikuwa nimeshajiandaa kubishana, lakini akajijibu mwenyewe: hakuna anayeijua kutu kama mtu wa meli, na chuma ndani ya ukuta wenye chumvi ni kutu inayongoja siku yake. Boriti tulizozipata zikakaa ubavuni mwa zile mbovu, na vichwa vyake hatukuvizika ndani ya lipu. Mzee alisisitiza hilo mara nyingi: iachie nafasi ya kidole, ipate pumzi.

Tukaingia kwenye chokaa yenyewe. Inachomwa shamba, mawe yanapangwa juu ya magogo kwenye tanuri, na moto ukifika kiasi cha nyuzi 900 jiwe hutoa gesi yake na kugeuka chokaa hai, ambayo ukiimwagia maji inachemka yenyewe bila ya jiko. Sisi tulinunua iliyokwisha kuzimwa, tukaiweka ndani ya pipa, imefunikwa maji juu. Ukishaipaka, inaanza kuinywa tena ile gesi kutoka hewani, kidogo kidogo, mpaka inarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana haina haraka. Mume wangu kila asubuhi alikuwa akitia kidole gumba sakafuni kabla hajanywa chai, na kila asubuhi alikuta alama ya kidole chake. "Saruji ingeshakauka," ananiambia. Namjibu saruji ndiyo iliyotufikisha hapa.

Sakafu ya namna hii haimwagwi tu, inapigwa. Zamani ilikuwa kazi ya watu wengi, wamejipanga safu na vigongo vyao, wanapiga kwa nyimbo ili mkono usipoteze mwendo. Sisi tulikuwa wawili na mpwa wangu mmoja aliyeahidiwa biriani. Hatukuimba. Chini mamavyaa akavumilia, halafu tukasikia sauti: "Mnapiga au mnakimbizana? Nendeni pamoja!" Akaanza kutuhesabia kwa kugonga mlango kwa mkongojo. Ilisaidia, sikatai.

Kwenye mteremko namwachia mume wangu sifa yote. Hakutaka hata kuigusa pimamaji niliyomwazimia. Alichukua mpira mwembamba wa kuonekana ndani, akautia maji, ncha moja mlangoni, nyingine kwenye tundu la kutolea maji, akapiga alama ukutani pande zote. Maji hayadanganyi, yanalala sawa hata mpira uwe na urefu gani. Kutoka hapo akashusha sentimita 2 kwa kila mita. Leo ukimwaga kata moja karibu na mlango, yanajua pa kwenda.

Marumaru ndizo zilizotugombanisha. Yeye alizitaka mpaka darini, nyeupe, kubwa, za kung'aa, alizoziona dukani Mwanakwerekwe. Mimi nilitaka kuta za chokaa tupu. Nikamchukua Hamamni, kwenye hamamu, bafu la umma la zamani, iliyojengwa enzi ya Sultani Sayyid Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, ili aone chokaa iliyokaa na mvuke. Akatazama juu, kwenye matundu ya kuba, akanambia, "Barghash alikuwa na watu wa kumsugulia kuta." Hapo sikuwa na jibu. Tukapatana hivi: pembe ya kuogea ina beseni la kusimamia, maji ya kuoga yasiguse sakafu kabisa, na kuta mbili za pembe hiyo zina marumaru mpaka usawa wa bega. Mpira wa kuchambia nao ukahamishiwa upande huo huo, maana ule ndio unaorusha maji kuliko bomba la kuogea, na watu hawausemi. Kwingine kote ni chokaa.

Kilichobadilisha bafu kuliko vyote ni dirisha, na hilo halikuwamo kwenye mpango. Nyuma ya saruji tuliliona limezibwa kwa matofali, fremu yake bado imo. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ukitaka kugusa sura ya nyumba unaomba kibali kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, basi tukapeleka picha na mchoro, tukasubiri. Lilipofunguliwa, upepo wa baharini ukawa unaingia na kutokea mlangoni. Kuta zikaanza kukauka zenyewe. Mume wangu akaacha kutia kidole.

Jaribio la mwisho lilikuwa rahisi: ziba tundu, jaza maji kidogo juu ya sakafu, acha usiku kucha. Mamavyaa alikataa kulala. Alikaa chini ya mirunda na tochi yake na tasbihi, na kila akisikia paka juu ya bati anamulika. Asubuhi alitwambia ameona mjusi mmoja na ufa mmoja, na ufa huo ulikuwepo tangu enzi za marehemu. Maji hakuyaona.

Ikabaki rangi. Mume wangu alikuwa ameshanunua kopo zima la rangi ya mafuta, ile inayofutika kwa kitambaa, na rangi hiyo juu ya chokaa ni sawa na kurudisha saruji kwa mlango wa nyuma, inaziba. Kuta tukazipaka chokaa nyembamba, mikono mitatu, na kila mwaka tutaongeza. Kopo la rangi ya mafuta hakukubali kulirudisha dukani. Amepakia mlango wa jikoni, ambao haukuwa na tatizo lolote.