Nilivyoitafuta hewa ukaa ndani ya bolti

Nimekulia Tanga, nyuma ya kaunta ya duka la baba la vifaa vya ujenzi, bolti zikipimwa kwa kilo na kufungwa kwenye gazeti. Leo naishi Hamburg na bado nauza bolti. Kampuni yetu ni ya watu tisa. Tunaagiza bolti, nati na washa za chuma kutoka India na kuwauzia mafundi wanaojenga maghala. Mwishoni mwa 2023 bosi aliniwekea mezani faili lenye herufi nne, CBAM, akaniambia, "Hili ni lako."

Huu ni utaratibu wa Umoja wa Ulaya wa kutoza kaboni mpakani. Viwanda vya chuma vya Ulaya hulipia hewa ukaa vinayotoa, na sasa chuma, alumini, saruji, mbolea, haidrojeni na umeme vinavyotoka nje vinatakiwa kubeba gharama hiyohiyo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023 hadi mwisho wa 2025 kazi ilikuwa kutoa taarifa tu kila baada ya miezi mitatu. Malipo yanahusu mzigo ulioingia kuanzia tarehe 1 Januari 2026.

Nilianza na namba za forodha, kwa sababu ndizo zinazoamua. Bolti na nati za chuma ziko chini ya 7318, nazo zimo. Skrubu za shaba ziko 7415, hazimo. Springi za chuma, 7320, nazo hazikuwamo, ingawa mtu angedhani chuma ni chuma. Nilipitia ankara za mwaka mzima mstari kwa mstari na wakala wetu wa forodha, tukakuta bidhaa mbili zilizokuwa zikiingizwa kwa namba isiyo yake. Halafu uzito. Ankara zetu zilihesabu vipande, na orodha ya mzigo ilitoa uzito pamoja na maboksi na mapaleti ya mbao. Taarifa inataka uzito wa chuma chenyewe, kwa tani. Nilirudi kwenye mizani kama nilivyofanya utotoni: nikapima bolti mia za kila saizi, nikatengeneza jedwali ninalolitumia mpaka leo.

Taarifa ya kwanza ilitakiwa kufika tarehe 31 Januari 2024. Mfumo ulikuwa umeelemewa, na waliokwama waliruhusiwa kuomba siku 30 za ziada, niliomba. Hiyo na mbili zilizofuata nilizijaza kwa takwimu za makadirio zilizotolewa na Tume ya Ulaya, jambo lililoruhusiwa kwa mzigo ulioingia hadi mwisho wa Juni 2024. Baada ya hapo, kwa bidhaa kama zetu, makadirio hayakutakiwa kuzidi asilimia 20 ya hewa ukaa yote. Zilizobaki zitoke kiwandani.

Kiwanda chetu kiko Ludhiana, Punjab, mji ambao karibu kila mtaa una mtu anayegonga bolti au nati. Niliwatumia faili la Ekseli la Tume la kujazia takwimu, kurasa tele, na barua ndefu ya kuomba "takwimu za utoaji wa hewa ukaa". Kimya cha wiki sita. Kisha likarudi limejazwa: tani 0.09 za hewa ukaa kwa kila tani ya bolti.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Chuma kinachoyeyushwa kutoka kwenye udongo wa madini kwa makaa ya mawe hutoa takriban tani 2 za hewa ukaa kwa kila tani. Bolti haiwezi kuwa safi kuliko waya iliyotumika kuitengeneza. Nikafungua ukurasa wa malighafi zilizonunuliwa: mtupu.

Nilimpigia simu mwenye kiwanda. Alinijibu kwa upole, "Dada, chuma siyeyushi mimi. Nanunua waya, nakata, nagonga, naukomaza kwenye tanuri la gesi, napaka zinki. Nimekuandikia cha kwangu." Na kweli alikuwa ameandika cha kwake kwa uaminifu. Kosa lilikuwa kwenye swali langu. Nilimuuliza kitu ambacho hakuna daftari lake linalokiandika.

Nikaandika upya, safari hii nusu ukurasa. Nitumie bili za gesi za miezi mitatu. Nitumie bili za umeme. Nitumie kilo za waya mlizonunua, kilo za bolti mlizotoa, na kilo za vipande vilivyouzwa kama chakavu. Majibu yalifika kwa siku nne, kwa sababu kila kitu kilikuwa tayari kwenye faili la binti yake anayeshika mahesabu. Hesabu ya gesi nikaifanya mwenyewe: gigajuli moja ya gesi asilia hutoa takriban kilo 56 za hewa ukaa. Umeme tuliuripoti katika kile kipindi cha kutoa taarifa tu. Katika malipo ya chuma hauhesabiwi. Vile vipande vya chakavu visipuuzwe: ili upate tani moja ya bolti unanunua zaidi ya tani moja ya waya, na ile ziada nayo ina hewa ukaa yake.

Ikabaki waya yenyewe, na hapo nilisaidiwa na faili ambalo sikulitarajia. Tangu tarehe 30 Septemba 2023 Ulaya hairuhusu bidhaa za chuma zilizotengenezwa nchi nyingine kwa chuma cha Urusi, kwa hiyo tulikuwa tayari tunadai cheti cha waya kwa kila kontena. Cheti hicho kina jina la kiwanda kilichoyeyusha chuma na namba ya ule mkupuo ulioyeyushwa pamoja. Nilivitandaza mezani vyeti vya mwaka mzima. Waya ilitoka viwanda viwili: kimoja cha tanuri la makaa, kingine kinayeyusha vyuma chakavu kwa umeme. Nikawaandikia wote wawili kupitia mteja wao wa Ludhiana, nikapata takwimu zao, na taarifa ya Oktoba 2024 ikaondoka bila kukisia kitu.

Bosi alitaka tuhamie moja kwa moja kwenye waya ya chakavu. Mhandisi wetu alikataa kwa bolti za 10.9, yaani za daraja la juu la nguvu. Vyuma chakavu hubeba masalia ya shaba, na waya yenye shaba nyingi huweza kupasuka inapogongwa kichwa. Nilimuunga mkono. Bolti inayoshika paa la ghala haipunguziwi ubora kwa ajili ya ushuru. Za daraja la chini tulizihamisha.

Oktoba 2025 sheria ikalegezwa: anayeingiza chini ya tani 50 kwa mwaka ameondolewa, isipokuwa kwa haidrojeni na umeme. Jirani yetu anayeleta bidhaa za alumini alipumua. Sisi hatukupona, maana kontena la futi 20 la bolti hubeba zaidi ya tani 20. La tatu tu linakuvusha. Tuliomba idhini ya kuwa watoa tamko wa CBAM, yaani waingizaji wanaoruhusiwa kuleta mzigo huu, kabla ya tarehe 31 Machi 2026, ili mzigo usizuiwe bandarini wakati maombi yanashughulikiwa.

Kinachonishughulisha sasa ni mkaguzi. Takwimu halisi za 2026 lazima zithibitishwe na mkaguzi aliyeidhinishwa, na mara ya kwanza lazima afike kiwandani. Asiye na uthibitisho anatumia makadirio, nayo kwa chuma yanaongezwa asilimia 10 mwaka 2026, 20 mwaka 2027 na 30 kuanzia 2028. Vyeti vya CBAM, ambavyo ndivyo tutakavyolipia hewa ukaa, vitauzwa kuanzia Februari 2027, na tamko la kwanza la mwaka linatakiwa kufika tarehe 30 Septemba 2027. Gharama ya mkaguzi tumekubaliana kugawana: sisi nusu, mzee wa Ludhiana na wanunuzi wake wengine wawili wa Ulaya nusu.

Kwenye kila oda ninayotuma siku hizi kuna mstari mmoja juu ya bei: kontena halifungwi kabla sijapokea cheti cha waya, kilo za waya na bili ya gesi ya mwezi huo. Binti yake huzituma zote kwa WhatsApp, zimepigwa picha juu ya meza ileile ya kijani.