Mjomba na hewa ya Newala

Jumapili usiku. Vidole vinanata gundi mpaka naandika kwa taabu. Nimekaa sebuleni kwa mjomba, Newala, bawa la kushoto la ndege yangu nimelibana katikati ya vitabu viwili vya hesabu vya binamu, nangoja likauke. Ni ndege ya rimoti, ya fomu nyeupe kama ile inayokuja kwenye boksi la televisheni. Tumboni nimeitoboa tundu la kamera ndogo inayopiga picha yenyewe kila baada ya sekunde mbili.

Nilikuwa nawaza safari hii tangu Masika. Mtwara mjini narushia ufukweni, na ufukweni upepo umenyooka: unatoka baharini, unakupiga usoni, basi. Nilitaka milima. Nilitaka ule ukingo wa uwanda wa Makonde, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde linashuka mpaka Ruvuma, na ng'ambo unaiona Msumbiji imelala kwenye ukungu. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga nilikuwa nacho, na kwa mtendaji wa kijiji nilipita mapema. Mpakani huku, kitu kinachovuma angani na kamera tumboni ni vizuri kijulikane ni cha nani.

Nikarusha saa saba mchana. Kosa lilianzia hapo.

Dakika tano za kwanza zilikuwa raha tupu. Nilizunguka juu ya shamba la mjomba, mikorosho ikapita chini kama mafundo ya sufi, nikajiona fundi. Kisha nikaisukuma nje ya ukingo. Upepo ulikuwa unanitoka mgongoni, na hilo nililijua, ila sikulitilia maanani. Upepo ukitoka bondeni hugonga mteremko ukapanda, na ndege huelea juu yake hata mota ikizimwa. Ukitoka uwandani humwagikia bondeni, na hewa iliyo nyuma ya ukingo hujiviringisha kama maji chini ya maporomoko. Ndege ikazama. Nikavuta pua juu, nikaongeza mota, ikazidi kuzama. Halafu ikageuka kunielekea, na ikikuelekea, kushoto kwako ni kulia kwake. Mimi nikasahau. Kilichofuata nilikisikia tu: vichaka, kisha kimya.

Vijana watatu walishuka kuitafuta kwa njia ileile ambayo kina mama wa zamani walishukia kufuata maji bondeni, maana huku juu chemchemi hakuna. Walirudi nayo baada ya saa nzima, bawa likining'inia. Mmoja akaniuliza kama na rubani kaumia.

Mjomba alikuwa kibarazani anaosha mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Imeanguka?”

“Imeanguka.”

“Umerusha saa ngapi?”

Nikamwambia. Akaendelea kusugua bomba, hakunitazama. “Mjomba, sisi salfa tunapuliza alfajiri. Jua likishapanda, hewa inaamka. Utapuliza kwako, unga utakwenda kutibu mikorosho ya jirani.”

Mzee huyu hajawahi kupanda ndege. Ila kila mwaka, maua ya mikorosho yakitoka na ugonjwa wa ubwiri unga ukaanza, huwa shambani kabla hakujapambazuka, umande ungali kwenye majani ili unga ushike, na jicho lake liko kwenye lile wingu la njano: linapanda, linatulia, au linakatika. Mimi nimejifunza upepo kwa video za intaneti.

Kadi ya kamera ilipona. Picha nyingi ni takataka, nyingine zimepindapinda kama zimepigwa ndani ya maji; propela ilikuwa na pengo dogo nikaipuuza, ikatetemesha kila kitu. Tatu tu ndizo nzuri. Moja ni ya shamba lote, jua la mchana limeweka kivuli cha duara chini ya kila mti. Niliyoipenda mimi ni ile ya bonde, mto ukiwa uzi mwembamba wa fedha. Nikampa mjomba simu aione hiyo kwanza. Akasema nzuri, akaipitisha kwa kidole.

Kwenye ile ya shamba akasimama. Akavaa miwani. Upande wa babu miti imebanana, matawi yameingiliana, juu panaonekana kama zulia moja. Upande aliopanda yeye, mita 12 kwa 12 kama mabwana shamba walivyofundisha, kila mkorosho una nafasi yake. Akawa anahesabu kwa ukucha, midomo ikicheza, akirudia mstari mmoja mara mbili.

“Hapa pana pengo. Na hapa. Huu nao unakauka kileleni, chini huuoni.”

Akanirudishia simu, kisha akaichukua tena.

“Hilo bawa litakauka lini?”

Nikamwambia kesho.

“Basi keshokutwa alfajiri, nikimaliza kupuliza. Upande wa kule bondeni usiende.”