Nilichokiona Kilosa nilipoacha kuuliza maswali

Tulipokamilisha programu yetu ya simu inayotumia akili mnemba kutambua wadudu na magonjwa ya mahindi, nilizunguka vijiji kadhaa vya Wilaya ya Kilosa nikiwa na dodoso mkononi, na karibu kila mkulima niliyemwonyesha aliniambia kwamba ni nzuri sana na kwamba angeitumia. Wiki chache baadaye, kumbukumbu za mfumo zilionyesha kwamba wengi wao waliifungua mara moja au mbili, kisha wakaiacha. Hawakunidanganya. Mgeni aliyetoka mbali, akaamkia wazee na kukaribishwa mkekani, haambiwi kwamba kazi yake haifai. Kosa lilikuwa langu, niliyechukua adabu ya mwenyeji kuwa ahadi ya mnunuzi.

Niliporudi wakati wa masika niliacha dodoso nyumbani, nikaomba kufuatana na watu shambani na kutazama tu. Viwavijeshi vamizi, walioingia Tanzania mwaka 2017, hujificha ndani ya moyo wa mmea wa mahindi, kwa hiyo mfumo wetu ulifundishwa kwa picha za karibu zilizopigwa kutoka juu. Wakulima walirudi nyuma hatua kadhaa na kupiga picha ya shamba zima, kwa sababu walichotaka kionekane ni ukubwa wa hasara. Majibu waliyopata yalikuwa mabaya, nao walikuwa na haki ya kutoyaamini. Tuliongeza mchoro wa mkono ulioinamisha simu juu ya mmea, pamoja na maelezo ya sauti, na picha zisizofaa zikapungua.

Lililonisumbua zaidi ni tarakimu. Skrini yetu iliandika "Viwavijeshi, asilimia 70", tukimaanisha kiwango cha uhakika wa mfumo. Mama mmoja aliisoma taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo asilimia 30 zilizobaki ndizo nitakazovuna?" Alikuwa anafikiria kung'oa mahindi ambayo bado yangeweza kuokolewa. Jioni ile ile niliwaandikia wenzangu kwamba tarakimu ziondolewe, na mahali pake tukaweka maneno: "Inaelekea ni viwavijeshi", au "Sina hakika, piga picha nyingine kwa karibu zaidi".

Katika kutazama huko ndiko pia nilikotambua kwamba tulikuwa tukimuuzia mtu asiyestahili kulipa. Mkulima aliyetatizwa alichuma jani, akalifunga kwenye mfuko na kulipeleka kwa muuza pembejeo, ambaye anamfahamu na ambaye atamkuta palepale kesho dawa ikishindwa kufanya kazi. Tukaacha kumdai mkulima ada ya kila mwezi, ambayo humfikia hata katika miezi ambayo hana kitu hadi avune, tukawauzia wenye maduka kwa msimu. Nilihofu kwamba muuzaji angeitumia programu kusukuma dawa zake tu, na hofu hiyo bado ninayo. Ndiyo maana jibu huanza na hatua isiyo ya kununua, kama kukagua majani na kuponda mayai ya wadudu kwa mkono, na husomwa kwa sauti ili mteja aliye upande wa pili wa meza alisikie kabla hajaulizia bei.