Harusi ya rangi zote, na tatizo la mbalamwezi

Kikao cha tatu cha kamati tulikalia sebuleni kwetu Mwanga, ajenda moja tu: rangi. Harusi karibu zote nilizohudhuria hapa Kigoma zina rangi mbili kwenye kadi, na ukija na ya tatu unaonekana hukusoma. Mimi na mwenzangu tukasema sisi tunataka zote. Kila mtu avae kitenge chake chenye fujo kuliko vyote, au satini ya kung'aa, na muziki uwe disko tangu tunaingia mpaka keki.

Shangazi akatua kikombe. "Mwanangu, hii harusi au disko vumbi?"

Baba mdogo, mwenyekiti wetu, akaanzia mbali: Operesheni Vijana ya 1969, vijana wa TANU wakiwasaka wenye vimini, mawigi na suruali za kubana. Nikamwambia, "Baba mdogo, bugaluu ya bwana harusi haibani, inafagia." Fundi ameiachia inchi 26 chini. Akacheka, lakini hakupitisha. Aliyetuokoa ni mama: "Nyie wote mnawapeleka watoto disko toto Idi na Krismasi, mnaishia kucheza mlangoni. Leo mnaona haya ya nini?" Ikapita.

Mpira wa vioo tumetengeneza wenyewe. Tulichukua mpira wa miguu uliochoka na kioo cha kabati kilichopasuka, fundi vioo akakikata vipande vya sentimeta 2 kwa 2. Nilidhani 100 vitatosha. Vimeingia 350 na ushee, na gundi imenibandua ngozi za vidole. Tukauning'iniza kwa uzi wa kuvulia, tukawasha taa ya dari, wapi! DJ akasema zimeni zote, leteni tochi moja yenye mwanga mwembamba. Hapo ndipo nukta zilipoanza kutembea ukutani, mtoto wa dada akawa anazikimbiza kama kumbikumbi.

Tabu ikawa tarehe. Wajomba zangu wa Kibirizi ni wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo wajomba nawapata mbalamwezi tu, wakati disko linataka giza! Nilikaa na kalenda siku mbili nikitafuta njia ya katikati, haipo. Harusi bila wajomba, kwetu, ni kikao kingine tu, basi tumechagua mbalamwezi na ukumbi wenye mapazia mazito.

Ukumbi wenyewe hauna jenereta, na umeme ukikatika katikati ya dansi shangazi atanisema mpaka nizeeke. Anayejua la kukodi lisilonguruma kuliko spika za DJ, aniambie kabla ya kikao cha Jumapili.