Fegatello: kosa lipo hatua ya 5, si ya 7

Fegatello ni shambulio la chesi ambamo Nyeupe anamtoa farasi kwenye f7 ili amvute mfalme mweusi nje. Katika hatua zifuatazo K ni mfalme, Q malkia, B askofu, N farasi (bila herufi ni askari), x ni kula, + ni cheki, na nukta tatu (...) zinaonyesha hatua ya Nyeusi.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5 Nxd5 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ Kg8 8.Bxd5+ Qxd5 9.Qxd5+ Be6 10.Qxe6, chekimeti.

Ukiupitisha mchezo huu kwenye kompyuta, hatua itakayopakwa nyekundu ni 7...Kg8. Ni kweli, ni mbaya mno. Mfalme akirudi g8, farasi wa d5 anabaki na mlinzi mmoja tu, malkia, huku askofu na malkia wa Nyeupe wote wakimkodolea macho. Ilibidi mfalme aende e6 amlinde mwenyewe, ingawa kusimama katikati ya ubao kunatisha. Nyeupe akiongeza 8.Nc3, Nyeusi anajibu 8...Ncb4: d5 inapata mlinzi wa tatu na c2 inatishiwa. Ni mateso, lakini mchezo bado upo.

Kosa lililozaa yote hayo ni 5...Nxd5. Askari ameliwa, mkono unarudisha kwa mazoea. Farasi akitoka f6 anamfungulia malkia mweupe njia ya f3 hadi f7, kisha anasimama palepale kwenye mstari wa askofu wa c4. (Nyeupe angeweza hata kuanza na 6.d4, nayo ni kali vilevile.)

Jibu la kweli ni 5...Na5. Wengi hawalioni kwa kuwa wamefundishwa wasimpeleke farasi pembeni. Hapa farasi wa c6 anakwenda kumgusa, yaani kumtishia, askofu: 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6, askofu anakimbia tena, 8.Be2 h6 9.Nf3 e4, na farasi naye anafukuzwa. Nyeusi amepoteza askari mmoja, amepata nafasi na mwendo. Lakini lazima aendelee kusukuma, akisahau 9...e4 na kuanza kutengeneza pembeni, anabaki na hasara tupu.

Kabla ya kufungua kompyuta, rudi nyuma kutoka chekimeti ukiuliza swali moja kila hatua: je, askofu wa c4 ameguswa? Katika mchezo huu aliguswa mara moja tu, na 4...d5; baada ya 5.exd5 hakuguswa tena akiwa c4.

Asiyetaka kukariri haya acheze 3...Bc5. Hapo f6 iko wazi, na 4.Ng5 inaliwa na malkia kutoka d8.